Kuzamia na Mama Lulu

Jumamosi, 1 Februari 2025
Kikao kimeisha. Tumekaa Boko, nyumbani kwa dada yake Auleria. Toka Auleria amchukue mtoto na kuhamia huko, kabla ya Krismasi, leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa meza moja na mke wangu. Amekonda. Nilitaka kumwambia amekonda, nikamwambia juisi ni tamu.

Waliosimamia kikao ni Gaudens na mkewe Benedicta, walewale waliosimamia ndoa yetu. Gaudens akamuuliza Auleria kosa langu. Pombe? Hapana. Wanawake? Hapana. Anakupiga? Hapo Auleria akacheka — cheko ambalo sijalisikia muda mrefu — kisha akasema: "Kaka Gaudens, mie sijaolewa na huyu, nimeolewa na ukoo. Miaka sita sijawahi kula na mume wangu tukiwa peke yetu mezani."

Nikajibu kwamba ndugu hawafukuzwi. Benedicta akasema hakuna aliyetaja kufukuza. Nikajibu tena. Mimi Mpare, kesi naijua! Nilishinda kila hoja, na kila nilivyoshinda mke wangu alizidi kuangalia dirishani.

Uamuzi: tuondoke wawili, wiki moja, mahali ambapo hakuna ndugu yangu hata mmoja. Auleria akachagua Mafia, na akasema anataka kujifunza kuzamia. Nikasema sawa upesi. Nilidhani ni kuogelea tu. Kumbe ni mitungi mgongoni!

Jumapili, 2 Februari
Goba. Nyumba imejaa. Mama, mdogo wangu Edgar na mkewe na watoto wao wawili, mdogo wetu Eliaichi na vitabu vyake vya chuo. Makande sufuria kubwa. Watu wanacheka, watoto wanagombania rimoti, na mimi nimekaa katikati yao kwa upweke ambao siwezi kumweleza mtu. Mama akaniongezea chakula. Alidhani ni njaa.

Jioni nimeongea na Lulu kwenye simu. Akauliza, baba uko kwa bibi? Nikamwambia niko nyumbani. Akasema, "Eee, kwa bibi."

Mwanangu ana miaka mitano na amezaliwa ndani ya nyumba hii. Anaiita kwa bibi. Niliaga, nikaenda kukaa chooni, maana ndiko pekee hapa ndani mtu hanifuati, nikalia.

Jumamosi, 8 Februari
Somo la kwanza, bwawa la hoteli moja Kunduchi. Kazi yangu ni bandarini miaka yote hii, lakini bahari kwangu ni makontena na mihuri. Kuogelea nilijifunza Same, kwenye ndiva ya kumwagilia mashamba, maji ya tope. Sijui nilimdanganya nani kwamba inatosha.

Mwalimu wetu anaitwa Margareta, dada wa Mtwara, mabega mapana, sauti ya kanisani. Sheria ya kwanza: usibane pumzi. Pumua muda wote. Sheria ya pili: haendi mtu chini bila mwenzake. Nikakibana kipumulio kwa meno kama mtu anayeng'olewa kucha. Auleria akazama taratibu, akakaa chini ya bwawa, miguu ameikunja, nywele zinaelea. Kama aliyefika alikokuwa anakwenda.

Margareta akaniuliza kwa mkono kama niko salama. Nikamwonyesha dole gumba. Akanikamata mkanda akanipandisha juu! Mara tatu. Kumbe kwa wazamiaji dole gumba ni "twende juu". Salama ni kidole na gumba kufanya duara. Auleria alicheka mpaka miwani ikajaa maji. "Baba Lulu, utazeekea hapo juu." Nimerudi Goba na cheko hilo moyoni. Kuna matumaini.

Jumatatu, 10 Februari
Mafia. Ndege ndogo, Margareta kiti cha mbele, nimesali njia nzima. Simu tumeziacha mapokezi, ni agizo la Gaudens. Ni Lulu tu wa kupigiwa, amebaki Boko.

Banda zuri, makuti, chandarua. Kitanda kimoja kikubwa. Auleria akaenda kuongea na watu wa hoteli, kwa upole sana. Wameleta vitanda viwili.

Jumanne, 11 Februari
Leo ni bahari yenyewe. Kwanza masikio. Unashuka mita mbili unahisi mtu anakutoboa na sindano, unabana pua na kupuliza, yanafunguka, unashuka tena. Nilitaka kurudi. Auleria alikuwa chini yangu, akanisubiri. Hakunipungia, hakunihimiza. Alisubiri tu, mpaka masikio yangu yakakubali.

Halafu — sijui niandike vipi. Matumbawe kama bustani ambayo hakuna aliyeipalilia. Samaki wa njano, kundi zima, wanageuka pamoja. Kasa akatupita bila habari na sisi. Auleria akanishika mkono. Yeye mwenyewe! Hatukuachana mpaka mwisho.

Kisha zoezi. Mmoja anapitisha kiganja shingoni: sina hewa. Mwenzake anampa kipumulio cha akiba, mnapumua mtungi mmoja, mmeshikana mikono, mnatazamana. Alipopitisha kiganja shingoni nilijua ni zoezi. Niliharakisha vilevile. Nikampa. Tukakaa hivyo, uso kwa uso, hewa moja. Miaka mingapi sijamwangalia macho kwa muda ule? Pale nyumbani kuna mtu anaita kila mara. Baba Lulu gesi imekwisha. Kaka, chaja yako iko wapi. Brightson, mgeni anaaga.

Juu kwenye boti tukawa wageni tena. Akajifunika taulo akaongea na Margareta.

Jumatano, 12 Februari
Mara mbili leo tumezama, mara mbili amenishika mkono. Usiku tulikula samaki wawili, yeye wake na mimi wangu, na tukabaki hatuna la kusema. Nikaona aibu. Nimezoea kula huku nawaongelesha watu wanane.

Basi akaongea yeye. Hana ugomvi na mama. Anampenda mama, mama ndiye aliyemkanda wakati wa uzazi. Anataka kitu kimoja: mwaka mmoja. Mimi, yeye na Lulu. Edgar ana kazi, apange nyumba yake. Mama aende kwa Edgar, au tumpangie hapohapo Goba, karibu, tumwone kila siku. Baada ya mwaka, akitaka arudi. "Mie sitaki kuwashinda ndugu zako. Nataka nikujue na wewe."

Nikamwambia ndiyo. Nilimaanisha, Mungu anajua. Akasema: "Umwambie mama mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hatujarudi. Asiambiwe na Gaudens, asiambiwe na mimi, maana nikimwambia mimi basi nimekuwa mchawi wa ukoo milele." Nikasema kesho.

Usiku vitanda bado viwili, ila ameacha mkono unaning'inia upande wangu. Nimeushika mpaka amelala.

Alhamisi, 13 Februari
Nimechukua simu mapokezi, nikaenda nyuma ya jiko ambako hakuna watu. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Mama, shikamoo, mimi na Auleria tumekaa, tumeonelea hivi na hivi.

Mama akapokea kabla haijaita mara mbili. Furaha! Amefunga siku tatu kwa ajili yetu. Akina mama wa jumuiya wametuombea. Akauliza, mwenzio anakula? Mwambie nampenda. Nikavuta pumzi nianze. Akaniwahi: baba mdogo Fransis macho yamekuwa mabaya, moja halioni kabisa, hospitali ya kule Same imemwandikia aje Dar. Jumamosi wanapanda basi, yeye na mke wake na yule mtoto wao mdogo. "Nikawaambia subirini nimuulize mwenye nyumba. Sasa wewe baba unasemaje?"

Mwenye nyumba ni mimi. Baba mdogo Fransis ndiye aliyenishika tumbo kwenye ndiva na kuniambia piga miguu. Leo hanioni vizuri hata nikisimama mbele yake.

Nikasema, "Karibuni."

Lilitoka lenyewe. Halikupita kichwani. Mama akashukuru, akanibariki, akakata. Nikabaki nimeshika simu nyuma ya jiko, mpishi anapara samaki, ananiangalia. La mwaka mmoja sikuligusa.

Auleria hakuniuliza kitu jioni. Ananiamini. Hilo ndilo linaloniua.

Ijumaa, 14 Februari
Nilipanga nimwambie asubuhi kabla ya boti. Chai ikaisha. Nikapanga nimwambie kwenye boti. Injini inapiga kelele. Tukazama.

Mita kumi na mbili, mchanga mweupe, maji safi mno. Auleria akanigeukia. Akaashiria simu: kidole gumba sikioni, cha mwisho mdomoni. Kisha akachora paa la nyumba kwa mikono miwili. Kisha akafanya duara, macho yananiuliza. Umeongea na nyumbani? Salama?

Ningeweza kutikisa kiganja — kuna tatizo. Margareta ametufundisha hiyo siku ya kwanza.

Nikafanya duara. Salama.

Akafunga macho ndani ya miwani. Akanikumbatia, mitungi ikagongana. Povu lake na langu likapanda pamoja. Nilikuwa chini ya bahari nimekumbatiwa na mke wangu na sijawahi kujisikia vibaya namna ile maishani. Huku juu nilishazoea kusema ndiyo kwa kila mtu, lakini kule chini nilikuwa bado sijamdanganya.

Ameomba waondoe kitanda kimoja.

Jumamosi, 15 Februari
Saa moja asubuhi alichukua simu yake mapokezi, akaja nayo bandani amsalimie Lulu kabla hajaamka vizuri, anapenda ile sauti yake ya usingizi. Kabla hajapiga, ikaita. Mama. Nilikuwa navaa shati. Nimesikia upande mmoja tu:

"Shikamoo mama... Tumeamka salama, mama. Ahsante kwa maombi... Ahsante ya nini tena?... Baba mdogo... Eee. Leo?... Hapana mama, hajasahau kuniambia, bahari inatuchosha tu... Karibuni sana. Wapeni chumba chetu, mgonjwa asilale sebuleni. Mashuka safi yako kabati la juu, kushoto."

Akakata. Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningemjibu, na kujibu ndiko ninakokujua. Akasema, "Jana nilikuuliza."

Nikaanza kueleza macho ya baba mdogo. Akaniwekea mkono kifuani, pole pole.

"Baba Lulu, mie sikatai mtu kuuguzwa. Nisingekataa hata ungeniuliza. Waje, watibiwe. Ila ya kwetu umemwambia mama?"

Nikaendelea kufunga vifungo vya shati.

"Hujamwambia." Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Alikuwa amechoka tu, na mimi ningetoa chochote asiwe amechoka vile. Akasema boti ya mwisho ya kuzamia inaondoka saa nane. Nipige kabla ya hapo. Hataki kusikiliza, hataki kunisimamia kama mtoto. Nikishapiga nije kwenye boti, tushuke pamoja, atajua. Nisipopiga nisije. Nisije tu, nisimwonyeshe duara lingine.

Saa saba na nusu
Nimekaa mwisho wa gati. Daftari, kalamu, simu. Nimeshavaa ile suti ya mpira mpaka kiunoni, jua linanipika. Namba ya mama iko kwenye kioo. Nimeibonyeza mara mbili nikaikata kabla haijaita.

Sentensi ni fupi. Mama, nakuomba tukae peke yetu mwaka mmoja. Naweza kuiandika, hiyo hapo. Nikiisoma kwa sauti naona kiti chake cha plastiki pale varandani, na kitenge chake begani, na jinsi atakavyosema "sawa baba" bila kubisha. Atasema sawa. Hatabisha hata kidogo! Hicho ndicho nisichokiweza.

Lakini nampenda Auleria. Nampenda, nampenda. Napiga sasa.

Saa nane kasoro
Nilikuwa nimeshabonyeza. Ikaingia simu nyingine juu yake — baba mdogo Fransis. Wamefika stendi ya Mbezi, basi limewahi. Hawaoni mtu wa kuwapokea. Yeye haoni kabisa kwenye umati ule, mkewe hajawahi kufika Dar, mtoto analia. Nikamwambia shikamoo baba mdogo, poleni na safari, simameni hapohapo ndani msitoke nje, namtuma Edgar. Nikampigia Edgar. Edgar hapokei. Nikampigia Eliaichi amwamshe Edgar.

Margareta akanipigia kelele kutoka kwenye boti: "Braza! Unakuja au tukuache?"

Auleria alikuwa amekaa ubavuni mwa boti, mtungi mgongoni tayari, ananiangalia. Simu ilikuwa sikioni. Nikanyanyua kidole kimoja: ngojeni. Nilimaanisha dakika moja tu. Aliangalia kile kidole. Akamwambia Margareta kitu, Margareta akakaa pembeni yake, akaanza kuvaa mtungi wake mwenyewe. Kamba ikafunguliwa.

Saa nane na robo
Edgar amewapata. Wako njiani kwenda Goba.

Boti imetia nanga pale nje, naiona vizuri. Wawili wamekaa ukingoni, migongo kwa maji. Margareta kwanza. Kisha Auleria, mkono mmoja kwenye miwani, akajiachia nyuma. Hakugeuza kichwa huku. Sasa ni maji tu.

Atakuwa chini karibu saa nzima. Akipanda atanikuta nimesimama hapa na nimeshampigia mama, nimeshamwambia yote. Bado muda upo, nikipiga sasa hivi nitamwambia ukweli mtupu na

Simu inaita. Mama. Atakuwa anauliza wageni wapewe nini. Ngoja nipokee kwanza.