Kusudi la Mungu na Sentensi Isiyo na Mtenda

Alhamisi, jioni. Bilele.

Mvua ilianza asubuhi, ikakatika, ikaanza tena kama msomaji aliyepoteza mstari. Nimerudi kutoka Muleba na udongo mwekundu hadi kwenye soksi. Magoti yanauma. Hasira sina, niliimaliza Jumanne pale Miembeni. Kilichobaki ni dharau, na dharau hiyo inaniburudisha kuliko inavyompasa mzee wa kanisa.

Nieleze kwa utaratibu.

Edvina, binti wa marehemu mdogo wangu, alifika hapa kwangu Jumatatu. Ni fundi cherehani wa Muleba, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye akili na mkono mzuri. Alikuja kuhudhuria semina ya siku tatu katika ukumbi mmoja wa Miembeni. Bango lake lilisema: "Gundua Kusudi Lako! Kuwa Kiroho!" Aliyeliandika alitaka kusema "Kua Kiroho". Ukumbi mzima ulipita chini ya bango hilo bila mtu kuona tatizo.

Nilimwonyesha Edvina. Akasema, "Baba mkubwa, Mungu haangalii herufi."

Labda. Lakini mtu asiyejua tofauti ya kukua na kuwa, anawezaje kunifundisha mojawapo?

Jumanne nilikwenda naye ili nisije nikaambiwa nahukumu nisichokijua. Mhubiri alikuwa kijana aliyetoka nje ya mkoa, mwenye viatu vilivyochongoka na sauti ya mtu anayegombana na kipaza sauti. "Mungu anakwenda kukuinua! Anakwenda kukufungulia mlango! Anakwenda kulidhihirisha kusudi lako!" Nimefundisha Kiswahili hadi nikastaafu. Wakati ujao wa lugha hii ni "-ta-". Mungu wa mhubiri yule alikuwa anakwenda tu. Tangu asubuhi hadi mchana alikuwa njiani, na tulipotoka hakuwa amefika.

Kisha tukaamriwa kila mtu amwambie jirani yake maneno hayo. Jirani yangu alikuwa mama mnene anayeuza samaki sokoni. Akanigeukia kwa uchangamfu, akaniita Ta, yaani baba kwa Kihaya: "Ta, kusudi lako linakwenda kufunguka."

Nikamjibu kwamba langu lina miaka zaidi ya sabini, na kama halijafunguka basi kitasa kimeshika kutu.

"Tutapaka mafuta ya samaki," akasema, akacheka mpaka mhudumu akaja kumtazama. Huyo mama ndiye mtu pekee mle ndani niliyejuta kuachana naye.

Somo la mchana lilihusu ukuaji wa kiroho. Tukaambiwa kuna viwango. Mkristo hupanda kutoka kiwango hadi kiwango, na aliye chini haelewi mambo ya aliye juu. Nilidhani vitu vya namna hiyo viliishia kwenye madaraja ya mishahara ya serikali. Nimezika watu waliokua kiroho kweli kweli, na hakuna hata mmoja wao aliyejua yuko kiwango gani. Walikuwa na shughuli nyingine.

Jumatano sikwenda. Edvina alirudi jioni, akala ndizi na maharage, kisha akaweka kijiko chini.

"Baba mkubwa, wageni wa Jumamosi wasije."

Wageni wa Jumamosi ni wazee wa ukoo wa Laurian. Wanaleta posa. Laurian ni afisa mifugo, anatibu ng'ombe wa nusu ya wilaya. Hanywi, hagombani, anaimba besi kanisani. Kwa kuwa baba yake Edvina hayupo, mimi ndiye ninayewapokea, na wasipokuja, mimi ndiye ninayempigia simu Ta Kaijage, baba yake mdogo Laurian, kumwambia kwa nini.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Imeonekana Laurian hayumo ndani ya kusudi."

"Imeonekana na nani?"

"Imeonekana katika roho."

"Roho ya nani? Yako, ya mwenye viatu, au Roho Mtakatifu? Hao ni watatu, na ninayemheshimu bila kumhoji ni mmoja."

"Baba mkubwa, mimi si mwanafunzi wako."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu usingeniletea sentensi isiyo na mtenda."

Nilikataa. Nilimwambia sitapiga simu. Katika maisha yangu ya kazi nimepokea sentensi nyingi za aina hiyo: imeamuliwa, imeonekana, imependekezwa. Nyuma ya kila moja alikuwapo mtu aliyejificha. Kama Mungu amemkataa Laurian, Edvina aniambie kwamba Mungu amemkataa, atumie kitenzi cha kutenda, aone kama ulimi utakubali. Edvina aliosha vyombo kwa kelele.

Kwa hiyo leo, badala ya siku ya mwisho ya semina, tulikwenda Muleba kwa mama yake. Nilimwambia kama ni neno la Mungu, halitaogopa kusikiwa na mama.

Shemeji yangu, Ma Justa, tulimkuta barazani anamenya ndizi, mvua ikidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Alitupatia kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, maana kwake mgeni hasemi chochote kabla ya kutafuna. Ma Justa huongea Kihaya. Kiswahili chake ni cha kuwaita watoto waliotoka shule na kuamua ugomvi wao, basi.

Edvina alianza kwa Kihaya akakwama. Nilimwona anatafuta. Yale maneno ya Miembeni hayana Kihaya; yaliletwa yakiwa yamefungwa tayari. Akahamia Kiswahili.

"Mama, Mungu ana kusudi na mimi."

Ma Justa akasimamisha kisu. Ni lazima nieleze jambo hapa kwa wasomaji wa safu yangu ya gazeti wasiokulia huku. Kwa mama huyu "kusudi" ni neno moja tu. Mtoto akimwaga maji kwa bahati mbaya, anasamehewa. Akimwaga kusudi, anachapwa.

"Akufanyie kusudi Mungu?" akauliza. "Umemkosea nini?"

"Hapana, Mama. Kusudi zuri."

"Kusudi zuri liko wapi? Na huyo Laurian, naye kakufanyia kusudi?"

"Laurian hakufanya kitu."

"Sasa aliyefanya ni nani?"

Nilicheka. Miaka yote ya kufundisha uchanganuzi wa sentensi, na sijawahi kusikia swali la sarufi likiulizwa vizuri namna hiyo kwa bahati mbaya. Nilicheka nikamgeukia Edvina ili aone ameshindwa.

Edvina hakuwa akicheka. Alikuwa ameshika kahawa yake mkononi bila kuitia mdomoni, na machozi yanashuka.

"Si Mungu, Mama," akasema. "Ni mimi. Simtaki."

"Tangu lini?" Ma Justa akauliza.

"Tangu mwanzo. Nikisikia pikipiki yake naingia kwenye migomba, najifanya nakata majani makavu. Hana kosa. Ni mtu mzuri. Lakini simtaki."

"Na midomo yote hii hukusema?"

"Ningesema nini? Kanisa linampenda. Wewe unampenda. Baba mkubwa alisema kijana huyu anatamka h zake zote."

Ni kweli nilisema. Anazitamka.

Ma Justa akachukua ndizi nyingine, akaimenya hadi mwisho kabla ya kujibu. "Basi ungesema hivyo. Mungu umemsumbua bure."

Hatukuongea tena juu ya jambo hilo. Tulikula. Edvina alikula kuliko alivyokula juma zima.

Njiani kurudi nilikuwa na muda wa kufikiri, na nimeendelea kufikiri hapa mezani. Dharau yangu kwa ukumbi ule haijapungua hata kidogo. Ni biashara ya kuwapa watu wazima ruhusa. Mtu anaingia akiwa na jambo analolijua moyoni, anatoka akiwa nalo lile lile, lakini sasa limepigwa muhuri wa mbinguni ili mtu asihoji. Wanaita kukua. Mtoto anayejificha nyuma ya baba yake hajakua. Amempata baba mrefu.

Lakini swali halinitoki: kwa nini mwanamke wa miaka ishirini na tisa, anayekata kitambaa cha bibi harusi bila kutetemeka, alihitaji muhuri? Hiyo si kazi ya mhubiri. Mhubiri aliikuta. Tulikaa vikao viwili juu ya posa ile, nami nilikuwa mwenyekiti wa vyote viwili. Tulijadili ukoo, dini, tabia, afya. Hakuna kikao kilichomuuliza. Kwa hiyo katika nyumba yetu yote, aliyekuwa na cheo cha kutosha kutukatalia alibaki mmoja tu, na Edvina akamwazima.

Wasomaji hupenda kuniandikia kuniuliza, mzee, nitajuaje kusudi la Mungu kwa maisha yangu? Mmoja aliandika kwamba "mzee aujui kusudi lako". Ameacha h, na amekosea upatanisho. Lakini kwa maana, amepata. Silijui. Nimebatizwa, nimekiandaa kizazi kizima cha watoto kwa mafundisho ya kipaimara, nimekaa kwenye mabaraza, na sijawahi kukabidhiwa kusudi lenye jina langu. Ninachojua ni kwamba neno hilo katika Kiswahili kizuri hutumika pia kuunganisha: nimekuja kusudi nikuone. Halisimami peke yake. Likisimama peke yake linaanza kunuka majivuno.

Na kukua? Leo nimekuona kukua kwenyewe. Kulikuwa na urefu wa neno moja. Simtaki: mtenda yumo, anayetendwa yumo, ukanushi umo, hakuna aliyejificha. Sitaki kuulizwa kiwango chake.

Sasa nimalizie kwa jambo lisilonifurahisha. Tuliporudi nilishika simu nimpigie Ta Kaijage. Ni mtu wa fahari, na amekwisha kuwaalika ndugu zake. Atauliza kosa la kijana, na kosa halipo. Nikiwa nimeshika simu, ile sentensi ya Edvina ilinijia yenyewe, tamu, tayari kabisa: Ta, imeonekana si mapenzi ya Mungu. Angeitika. Angesema amina. Nani Muleba hubishana na Mungu? Hakuna ambaye angeumia, na mimi ningelala vizuri.

Niliiweka simu chini. Naidharau sentensi hiyo, na nimejua leo kwamba nilikuwa umbali wa pumzi moja kuitumia.

Edvina yuko chumba cha pili, anapanga nguo zake kwenye begi. Nilimwambia arudi Muleba kwa basi la kwanza, mambo ya simu aniachie. Amekataa. Anataka kuwapo nitakapopiga, aketi karibu, asikie kila neno. Na Ta Kaijage akitaka kuongea naye, ataongea.

Nitapiga asubuhi, baada ya chai. Nitasema: Edvina hamtaki Laurian, na amesema mwenyewe. Nimeijaribu mara kadhaa hapa peke yangu. Ni sentensi fupi. Sijui kwa nini bado naijaribu.