Fulana ya Chuo Nisichokiomba

Mpendwa Bibi Lorraine, naomba unisaidie, na naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu: mwezi Mei, wahitimu wote wa sekondari tulipopigwa picha tukiwa tumevaa fulana za vyuo tunavyokwenda, mimi nilivaa ya chuo kikuu ambacho sikuwahi hata kukiomba. Niliipenda rangi yake ya zambarau, nikadhani picha itapigwa na mambo yataisha, kumbe mama aliiona akashangilia, wala hakuulizia barua ya kukubaliwa, kwa kuwa siku hizi majibu huja kwenye simu, akabandika jina la chuo kwenye kioo cha gari, na keki ya sherehe yangu ya kuhitimu, pale kwenye gereji ya nyumbani, ikaja ya zambarau, nami nikaikata.

Ninachotaka ni kusomea uuguzi wa wanyama, na chuo cha jamii cha Prairie Fork, cha miaka miwili na ada nafuu, dakika kumi tu kutoka kwetu, kina kozi hiyo na zizi la ng'ombe wa kujifunzia, ila kwenye sherehe shangazi Darla alisema, mdomo umejaa saladi ya viazi, "Prairie Fork? Hicho si ni darasa la kumi na tatu tu, sekondari ileile! Huko wanakwenda walioshindwa kuiona barabara ya kutokea mjini." Mama akacheka, "Shauri yao, Darla. Wetu huyoo, anaondoka!" Basi nimepata chuo kingine cha jamii, Dunlow, mwendo wa saa mbili, ambako hakuna anayenijua, naweza kufungasha shuka zangu kama ninayekwenda chuo kikuu. Kozi ya wanyama hawana, wana ya kutengeneza majokofu. Usajili wa vyote viwili unafungwa Ijumaa. Nichague kipi? Tafadhali, hii iwe siri yetu wawili.

Mwenye Haya, Iowa

*

Mwenye Haya,

Siri yetu wawili sasa inasomwa gazetini na wilaya tatu, ila jina lako nimelificha. Pole, mwanangu. Sasa kaa nikugombeze.

Unapenda ng'ombe, halafu uende saa mbili ukajifunze majokofu ili Darla amalize saladi yake kwa amani? Ndama akikwama tumboni, mfugaji haulizi muuguzi alivaa fulana gani mwezi Mei. Chuo huchaguliwa kwa kile kinachofundishwa ndani yake. Nenda Prairie Fork kesho, uliza kama kozi imeidhinishwa, kama ukimaliza utaruhusiwa kufanya mtihani wa leseni, na wahitimu wa mwaka jana wako wapi. Wakikujibu bila kubabaika, jisajili hapo hapo.

Kisha rudi kwa mama, maana njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Agosti, atakapotaka kukusindikiza bwenini. Usianze na "mama, usikasirike." Anza na "mama, nilidanganya," halafu umwonyeshe ratiba.

Atalia. Mwache alie, usimkatize. Akinyamaza atakuuliza masomo yanaanza saa ngapi. Uwe na jibu.