Wanasema Nimeponywa, na Sikuwa Nimeugua

Mshauri mpendwa, anayekuandikia ni mtu ambaye mtaa huu hauamui jambo bila kumsikiliza kwanza, hata mwenyekiti akitaka kuhutubia huniita pembeni nimwambie aanzie wapi, wananiita Profesa ingawa shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walishindwa na maswali yangu, kwa hiyo ukiona naomba msaada usidhani ni mtu wa hivi hivi.

Nakaa kwa mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ni fundi simu na anatumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, ila akiwa kibandani kwake huhamia kwenye stuli ya mezani na kile kiti hubaki mlangoni. Jumatatu maji yalikatwa nyumbani, akaniambia, "Mjomba, si ulisema unajuana na meneja wa ofisi ya maji? Haya, nenda." Nikaenda, nikakuta foleni imetoka mlangoni ikazunguka jengo, nikakumbuka kwamba nikiwa na mpwa wangu huwa tunapitishwa mbele, basi nikarudi nikakichukua kiti chake kimyakimya, nikakalia mwenyewe.

Mshauri, kumbe kile kiti kina mambo yake! Mlangoni kuna ngazi, wanaume wawili wakaninyanyua kama gunia la mkaa bila hata kuniuliza, kiatu kimoja kikabaki nje. Ndani, mama mmoja nisiyemjua akanipangusa jasho usoni na kuniambia, "Jikaze, mwanangu," na mimi nimemzidi umri. Karani wa dirishani hakunitazama kabisa, alimwuliza kijana aliyesimama nyuma yangu, hanijui simjui, "Huyu anataka nini?"

Nikasema, "Nataka maji."

"Anasemaje?" akamwuliza tena yule yule.

"Nadhani ana kiu."

Nikaletewa kikombe kikubwa, yule mama akakishika mwenyewe akaninywesha mpaka tone la mwisho. Nikapaza sauti, mimi ambaye nikikohoa tu mtaa unanyamaza, na karani akasema, "Jamani mtulizeni, asije akazidiwa."

Basi yale maji yakaanza kudai njia. Choo kipo, lakini mlango wake mwembamba, kiti hakipiti, nikajaribu mbele, nikajaribu kinyumenyume. Mhubiri aliyekuwa kwenye foleni akaniona nahangaika, akaniwekea mkono kichwani na kuanza kuomba niinuke, watu wamefumba macho, mimi nimebana mapaja, na Mshauri, kuna mahali mwanadamu hufika. Niliinuka nikatimua mbio. Nyuma yangu ofisi nzima ikalipuka, "Anatembea! Anatembea!"

Sasa Jumapili natakiwa kutoa ushuhuda kanisani kwa yule mhubiri, bango lenye picha yangu limebandikwa kila nguzo, na kusema kweli picha imetoka vizuri. Lakini watu wanamiminika kibandani kwa mpwa wangu, hawaleti simu, wanamwuliza, "Mjomba wako ameinuka, wewe unangoja nini?" Jana wawili walimvuta kwa nguvu asimame, akaanguka, kifundo cha mkono kikateguka, bisibisi hashiki, kibanda amefunga. Ameniambia, "Mjomba, Jumapili ukisema umeponywa, nguo zako utazikuta nje." Nikikana, nitachekwa mpaka kaburini, nikikubali, nampoteza mtoto wa dada yangu. Nifanyeje?

Na nisikufiche, wanaposimulia kwamba nilikimbia mpaka chooni wananiongezea sifa. Sikufika.

MSHAURI ANAJIBU

Profesa, pole kwa suruali. Pole nyingine zote nampelekea mpwa wako.

Ulikaa kwenye kile kiti asubuhi moja tu, ukabebwa kama mzigo, shida yako akaulizwa mtu aliyesimama nyuma yako, ukakosa choo. Yeye hukutana na hayo kila akitoka nyumbani, na sidhani kama siku moja ulimwuliza. Bado unaniandikia kuhusu kuchekwa! Mtu mzima, mkono wa mtoto umeteguka kwa ajili yako, wewe unasifia picha!

Mpwa wako haumwi. Hana cha kuponywa ila huo mkono, tena huo umemsababishia wewe. Watu waliomvuta walitoka kwenye uongo wako moja kwa moja, na wengine watakuja kama hutaufunga huo mlango.

Usingoje Jumapili. Nenda leo kwa mhubiri, mweleze, na mabango uyabandue mwenyewe mchana watu wakikuona. Jumapili simama mbele yao useme: "Miguu yangu ilikuwa mizima. Nilichukua kiti cha mpwa wangu ili niruke foleni. Asiguswe na mtu." Halafu kaa chini. Najua kukaa chini ndiko kutakakokushinda. Watacheka, waache wacheke. Ukitaka kuongeza neno, waambie wenye ofisi wapanue mlango wa choo, maana shahidi wa mlango ule ni wewe.

Kisha umwombe radhi binti, bila hadithi ya mwenyekiti wala ya meneja. Mpaka mkono wake upone, utafungua kibanda wewe, utashika bisibisi pale atakapokuelekeza, na kiti chake hutakigusa. Mteja akiingia na kukuuliza wewe simu imeharibika nini, utafunga huo mdomo unaoogopwa na mtaa mzima, ukiufungua iwe kwa maneno mawili tu: "Muulize fundi."