Mwenyekiti wa Maisha

Jumatatu, 9 Juni

Nimeficha jambo moja na leo naliandika, maana daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Anasema tu, mzee, ukijisikia vibaya njoo.

Kila mtu Ifakara anajua nimechoka na uenyekiti. Wanajua kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Kila mkutano mkuu nasimama na kusema, jamani, nimezeeka, niacheni nipumzike. Wanakataa, wanapiga makofi, narudi kitini.

Si kweli. Sijachoka hata kidogo. Naupenda uenyekiti kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Basi. Limetoka.

Uji wa mchele asubuhi. Miguu imevimba. Felista, binti yangu, ameikanda huku akinisimulia ugomvi wa sokoni, na amenichekesha. Saa nne akaja Tausi, katibu wetu mkuu. Mwanasheria, akili kali, heshima nyingi mno. Ameleta barua ya msajili wa jumuiya. Rasimu ya katiba mpya imerudishwa kwa mara ya pili.

Jumatano, 11 Juni

Nilipange jambo hili vizuri kichwani.

Jumuiya yetu ni ya wakulima wa mpunga wa nchi tatu: Tanzania, Zambia na Malawi. Makao makuu ni hapa, vyumba viwili kule Katindiuka na bendera tatu mlangoni. Serikali moja ikifunga mpaka mchele usipite, sisi ndio tunaokwenda kuzungumza nayo. Inatusikiliza kwa kuwa tumesajiliwa. Bila usajili sisi ni wakulima wenye malalamiko, na wa aina hiyo wako wengi.

Katiba niliiandika mimi, baada ya kustaafu uafisa ushirika. Ibara ya tisa inasema mwasisi atakuwa mwenyekiti maisha yake yote, na kwamba ibara hiyo haitaguswa bila ridhaa yake ya maandishi. Niliiandika vizuri. Haina mwanya.

Sasa msajili anataka mwenyekiti achaguliwe na awe na ukomo. Wenzetu wa Zambia na Malawi wanatambuliwa kwao kwa cheti cha makao makuu. Sisi tukifutwa, nao wamekwama. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi huu.

Tausi aliandika rasimu ya kwanza: mwenyekiti atachaguliwa kila baada ya miaka minne, isipokuwa mwenyekiti aliyepo. Ikarudi. Akaandika ya pili: isipokuwa Mwasisi, Mungu ampe umri mrefu. Msajili amejibu kwamba katiba si mahali pa kuombea dua.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Tausi hakucheka.

"Sasa baba, ningeandikaje? Niandike uondoke?"

Nikamrudishia barua yake. Ningeweza kumjibu.

Ijumaa, 13 Juni

Wajumbe wa bondeni wanakuja kunijulia hali. Leo watano. Kuku wawili, samaki mbasa mmoja mkubwa, debe la mchele mpya unaonukia nyumba nzima. Felista anasema nikiendelea kuumwa hivi atafungua mgahawa.

Wote wamekuja kwa neno moja na wote wameondoka nalo. Mkulima wa Kisawasawa alikaa tangu chai mpaka chakula cha mchana. Alinieleza tembo walivyoshuka shambani kwake, mmoja mmoja, kama anawajua kwa majina. Akanywa maji. Akakohoa. Akasema, mzee, kuhusu ile ibara... Nikamtazama. Akasema, ibara nzuri sana ile. Akaaga.

Sikumsaidia. Nilipaswa kumsaidia. Nilitoa tu wimbo wangu wa kila siku, kwamba nimechoka, naye akaitikia kama wote: hapana mzee wetu, bado tupo na wewe. Huku macho yake yanasema ndiyo, umechoka, jamani choka kweli.

Ni raha kuogopwa kwa heshima kiasi hiki. Ni raha na ni aibu.

Jumapili, 15 Juni

Sikuweza kwenda kanisani. Padri ameniletea komunyo nyumbani. Niliungama hasira na uvivu wa sala. Kiti sikukitaja.

Nimewaza mazishi yangu, na nimewaza kwa furaha. Bendera tatu juu ya jeneza. Wazambia wakiimba. Mkuu wa wilaya akisema, tunamzika Mwenyekiti. Asiseme mwenyekiti mstaafu. Hilo neno mstaafu nilishalivaa mara moja, nalifahamu. Siku ya pili yake watu wanaacha kukupigia simu.

Hiyo ndiyo hofu yangu yote. Kufa siogopi sana. Naogopa kuwa hai na simu imenyamaza.

Jumanne, 17 Juni

Amekuja Mayunga. Ni Msukuma wa upande wa Mlimba, ana ng'ombe na ana mashamba ya mpunga, mjumbe wa bodi tangu mwaka juzi. Hakuleta kuku. Alipiga goti mlangoni, shikamoo baba, akakaa, akaomba maji, akayanywa yote.

"Baba, wenzangu wameshindwa kukwambia. Mimi nimekuja kukwambia."

"Sema."

"Uondoke kwenye kiti."

Felista jikoni akaangusha sufuria.

Nikamuuliza nani amemtuma. Akasema hajatumwa, ila wamemsindikiza mpaka kwenye kona na wanamsubiri pale, wanaogopa kuingia. Nikamuuliza kwao Usukumani ndivyo wanavyoongea na wazee.

"Hapana baba. Kwetu ningechapwa. Lakini kwetu msajili hayupo."

Nilimwambia atoke. Akapiga goti tena, akaaga vizuri, akatoka. Kupitia dirisha niliwaona pale kwenye kona, watano, wakimzunguka kama mtu aliyetoka kupimwa hospitali.

Nina hasira.

Jumatano, 18 Juni

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaanza kucheka peke yangu. Kwetu msajili hayupo! Felista akaja mbio akidhani ni pumzi.

Mayunga ana haki. Jumuiya ni kazi bora ya maisha yangu na mimi ndiye nimeizibia koo. Nimetuma bajaji imlete Tausi. Mbele yake nimesaini ridhaa ya kubadilishwa ibara ya tisa. Alilia. Nikamwambia aandike rasimu bila isipokuwa yoyote. Akauliza kama anaweza kubakiza dua. Nikasema hapana.

Bado mkutano mkuu uipitishe kwa theluthi mbili za kura. Jumamosi. Isipopita, tumefutwa. Hatuna muda wa kuitisha mwingine.

Najisikia mwepesi. Najisikia pia kama mtu aliyeibiwa.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya serikali. Mkutano wenye wageni wa nje lazima ofisi ya mkuu wa wilaya ijue mapema. Tulituma taarifa. Wakauliza mgeni rasmi ni nani. Tukasema ni mkuu wa wilaya mwenyewe. Wakasema basi alipaswa kuambiwa yeye kwanza kabla ya ofisi yake. Uhamiaji wanataka barua kwa kila mgeni, na Mmalawi mmoja jina lake kwenye pasipoti si lile analotumia kwetu. Tausi amekwenda na kurudi mchana kutwa, hijabu imejaa vumbi.

Nilipiga simu tatu kutoka kitandani. Mbili zilisaidia. Niliposema "hapa ni Mwenyekiti," moyo uliruka kama wa kijana. Labda ni mara ya mwisho kulisema. Kwa hiyo nikapiga simu ya nne, ambayo haikuwa na sababu.

Ijumaa, 20 Juni

Akidi inataka wajumbe wa nchi zote tatu. Wamalawi wamefika kwa basi. Wazambia wako kwenye treni, na treni imesimama karibu na Mlimba kwa sababu ya ng'ombe waliolala relini.

Mayunga ametaniwa siku nzima. Wandamba, wenyeji wa bonde hili, wamemwambia awapigie ng'ombe wake simu waondoke. Amejibu kwamba ng'ombe wake wamesoma, hawalali relini, hao watakuwa wa Wandamba walionunua juzi na hawajajua kuwafundisha.

Treni imeingia jioni. Mama Phiri, kiongozi wa Wazambia, amekuja moja kwa moja kunisalimu na mabegi yake. Mkulima wa Nakonde, Kiswahili chake cha mpakani, sauti kubwa. Amesema, "Mzee, we ni mwembamba, lakini kichwa bado kikubwa!" Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumamosi, 21 Juni

Wamenibeba kwenye kiti mpaka ukumbini. Mkuu wa wilaya amefungua mkutano, amesema mazuri, ameondoka kabla ya chai.

Nilisoma mwenyewe azimio la kubadilisha ibara ya tisa. Nikaeleza kwamba nimeridhia. Nikasema, wanaokubali wanyooshe mikono.

Mkono mmoja, wa Mayunga. Wengine wote wakaangalia viatu vyao. Watu wazima, wakulima wa nchi tatu, wanajua kabisa kwamba jumuiya inakufa, na hakuna anayeweza kunyoosha mkono mbele yangu nimwone akiniondoa. Mkulima wa Kisawasawa aliukalia mkono wake. Nilimwona.

Nikanyoosha wa kwangu juu. Nikasema, "Jamani, hata mimi nakubali!" Wakacheka, wakapiga makofi, mikono haikuongezeka. Mama Phiri akasema kwa sauti, "Huyu mzee anatutega!"

Ndipo Mayunga akasimama akaomba kura ya siri. Tausi akasema katiba inaruhusu. Vikaratasi vikagawiwa, kimoja kimoja, na mimi nikapewa changu kwa kuwa ni mwanachama. Sanduku likapitishwa. Kura zikahesabiwa mbele yangu.

Imepita. Ndiyo zote isipokuwa moja.

Walishangilia, kisha wakaona aibu kwa kushangilia, kisha wakanitazama, nami nikapiga makofi, wakashangilia upya. Wazambia wakaimba. Mama Phiri akachaguliwa mwenyekiti wa miaka minne. Tausi akashika kichwa: sasa aanze kibali cha mwenyekiti wa kigeni. Nikampa Mama Phiri kiti. Kwa kuwa siwezi kusimama, walilazimika kuninyanyua kwanza.

Nilikula wali na kuku, sahani nzima.

Jumapili, 22 Juni

Wageni wamekuja kuaga. Utani wote ni kuhusu ile hapana moja. Nani? Wameamua ni Tausi. Nani mwingine aliyeandika isipokuwa mara mbili? Wamalawi wamempa jina, Bibi Isipokuwa. Mayunga amemwambia akasajili chama chake cha mtu mmoja, msajili atampa na dua.

Tausi alicheka mwanzoni. Mchana aliacha kucheka. Mama Phiri naye ameuliza, bila utani, kama katibu mkuu anaweza kweli kupinga azimio lililookoa jumuiya. Mwenyekiti mpya lazima aulize. Ningeuliza mimi pia. Tausi ameapa kwamba si yeye. Mama Phiri amesema watalizungumza kwenye bodi kesho jioni, kabla ya treni.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimefumba macho. Walidhani nimelala.

Jumatatu, 23 Juni

Asubuhi tulivu. Simu haijaita. Kitu cha ajabu, haikuniuma kama nilivyotarajia. Nimekula papai. Felista anaanika mpunga uani na anaimba.

Nimeuliza moyo wangu kama nilijua itapita hata bila mimi. Sikujua. Baada ya ile mikono kubaki chini, nilidhani karibu nusu ya ukumbi itaninusuru. Nilikuwa tayari kuiacha jumuiya ifutwe. Si kwa siku nzima, kwa muda wa kuandika neno moja. Ulitosha.

Nimemwomba Felista ampigie Tausi, na Mama Phiri pia. Wamefika pamoja saa tano, wamekaa mbalimbali, kila mmoja pembe yake. Tausi macho yamevimba. Amenisalimia shikamoo baba kwa sauti ndogo. Mama Phiri ameniuliza kama nimelala vizuri.

Nimewaambia wasilete chai kwanza.

Nimewaambia ile hapana niliiandika mimi.