Nayapakia Mabati kwa Mikono Yangu, Kuyanunua Kumenishinda

Leo ni tarehe 9 Machi, huu ni mwaka wa nne tangu niage nyumbani.

Mshauri mpendwa, naomba msaada kabla sijakosana na ukoo mzima, mimi ni mpakiaji katika ghala la mabati ugenini, shule niliishia darasa la sita kwa hiyo nivumilie, nilikuja kutafuta paa la nyumba yangu, kuta zimesimama, mbao za juu zimepigwa, mke wangu na watoto wanalala humo chini ya turubai, na kinachonichekesha hadi machozi ni kwamba mabati yanayouzwa dukani kwetu ndiyo haya haya ninayopakia. Mwezi uliopita msimamizi alitutangazia kuwa serikali ya kwetu imeweka kikomo cha mabati ya kuingizwa kila mwaka, eti viwanda vya ndani vipumue, basi makontena yakapungua na zamu zetu zikakatwa nusu. Nikajua bei itapaa, nikamrekodia mke wangu sauti kwenye simu, "Mama watoto, kimbia dukani leo leo, mabati yataadimika, na usimwambie mtu," kumbe nimeituma kwenye kundi la ukoo.

Kabla hajavaa viatu, ukoo ulikuwa dukani, hata shangazi anayeishi ghorofani, duka likabaki na misumari. Mke wangu akanipigia, "Baba watoto, mimi nisimwambie mtu, wewe umewaambia watu themanini?" Kaka yake, shemeji yangu, ambaye amepanga chumba kimoja, alizoa rundo zima kwa bei ya zamani, sasa anamuuzia dada yake mara mbili. "Dada, hiyo ndiyo bei ya soko," anasema, "mlalamikie mumeo." Nikilipa, nabaki huku mwaka mwingine, nisipolipa, mvua inawakuta watoto. Nifanyeje? Niliahidi kurudi mwezi wa nane, paa likikubali.

Mpakiaji Aliyechoka

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Mpakiaji, ingawa nimecheka. Serikali imefunga mlango nusu, wewe ukapiga kengele, watu wakakanyagana. Bidhaa zinazoingia zikipunguzwa na wanaozitaka ni wale wale, bei lazima ipande. Hilo uliliona mapema kuliko wengi, halafu ukalitangaza kwa mdomo wako. Usimtwishe shemeji kosa lote.

Lakini hebu fikiri. Bei ikizidi, watu huahirisha kujenga. Na ukoo wako umeshajaza mabati uani, hadi shangazi wa ghorofani. Shemeji atamuuzia nani? Mteja wake ni wewe peke yako, tena anajua umebabaika. Acha kubabaika.

Mkeo aende akanunue mabati ya kiwanda cha ndani. Nayo yamepanda, maana wenye kiwanda wameona upenyo, ila hayajafika mara mbili. Aezeke vyumba viwili wanavyolala, wiki hii, kabla ya mvua. Sebule ingoje. Shemeji akisikia nyundo, atashusha bei bila kuombwa, naye apewe alicholipa na gharama ya kubeba, basi. Ngumi zako zibaki ghalani.

Na hilo la "paa likikubali" lifute. Serikali imewawekea mabati kikomo, wewe uwekee ugeni wako. Mwezi wa nane rudi, hata sebule ikiwa na turubai. Mwambie mkeo tarehe, na kabla ya kutuma, angalia unamtumia nani.