Mbegu Haikai kwa Mwenyewe

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na koti nililorudi nalo kutoka kijijini bado linachuruzika mlangoni. Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kwa asiyejua kazi yangu: mimi ni agronomu, mtaalamu wa kilimo. Kila wiki natoka Kindu kwa pikipiki hadi kijiji kimoja, ambacho sitakitaja jina, kwenye barabara ya Kibombo, kufanya kazi na akina mama kumi na wanne wanaolima mpunga. Mwaka jana mradi ulitujengea depo ya matofali, bati juu, kufuli mlangoni, ili mbegu za wote zikae pamoja mahali pakavu. Wazo lilikuwa langu. Nilijisifu nalo hadi watu wakachoka kunisikiliza.

Baada ya mavuno depo ilijaa magunia. Wiki iliyopita nikachukua punje mia moja kutoka humo, nikazifunga kwenye kitambaa chenye maji, kama tulivyofundishwa chuoni, nione ngapi zitaota.

Zimeota tisa.

Leo nikawakusanya akina mama nikawafokea. Ndiyo, nimewafokea watu wa umri wa mama yangu. Nikawaambia wamenitia aibu, kwamba Alhamisi wakubwa wa mradi wanakuja kuona mbegu, na wasipoziona, majembe, mafunzo na kazi yangu vyote vinaweza kwisha. Walikaa wakinitazama kwa huruma, na huruma yao ikanizidishia hasira.

Watu walipotawanyika, Mama Zaina (si jina lake la kweli), mwenyekiti wao, akanishika mkono akanipeleka jikoni kwake. Juu ya moto, katikati ya moshi, palining'inia kikapu kilichofunikwa kwa majani makavu.

"Ile ya mu depo tulitia juu ya kukufurahisha wewe," akasema. "Ile ni mupunga ya zamani. Mbegu yenyewe iko mu manyumba. Na hii unaona, si yangu. Yangu iko kwa mwenzangu, na yake iko kwa mwingine."

Nikamuuliza kwa nini.

"Wakati ya vita, watu ya bunduki walikuwa wanauliza: mbegu yako iko wapi? Ukipigwa sana, utasema. Basi kila mutu akaweka ya mwenzake. Unaapa kwako hakuna kitu yako, na si uongo. Na ya mwenzako, hata wakupige, unasikia haya kuitoa."

Wameendelea hivyo mpaka leo. Siku ya kupanda kila mmoja anakwenda kudai kikapu chake, na Mama Zaina anasema hakuna hata kimoja kilichopotea.

Sasa niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Wakati wa vita nilikuwa mtoto, hapa hapa Kindu. Baba alikuwa na magunia ya mpunga, ameyapanga yote kwenye chumba kimoja, akafunga kufuli. Watu wa bunduki walikuja mara moja tu, asubuhi, wakabeba yote. Miezi iliyofuata tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na mdogo wangu wa mwisho hakufika siku ya amani.

Mimi nikakua, nikasoma, nikarudi na karatasi zangu, nikawajengea akina mama chumba kimoja chenye kufuli.

Inaniuma.

Mama Zaina alitaka kuniokoa. "Alhamisi tutajaza depo na mupunga ya kukula," akasema. "Wapige picha, waende." Nakiri nilitamani kukubali. Lakini picha hiyo ndiyo itakayowafanya wajenge depo kama hiyo katika vijiji vingine. Wala siwezi kuwatembeza wageni jiko kwa jiko. Siri ambayo fimbo hazikuitoa, niitoe mimi kwa ajili ya ripoti?

Tumeelewana hivi. Kila mama atachukua konzi moja ya mbegu kutoka kikapu anachokitunza na kuilowanisha leo hii. Alhamisi tutafungua vitambaa kumi na vinne mbele ya wageni, wahesabu wenyewe zilizoota. Kisha nitawaambia depo ibaki ya majembe na mpunga wa kuuza, na nitawaambia pia kwamba nilikosea. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, nitaendelea kwenda huko hata bila mradi, kwa sababu sasa mimi ndiye mwanafunzi.

Nilipokuwa nawasha pikipiki, Mama Zaina alikuja na kikapu kidogo kilichofungwa kwa kamba.

"Uweke," akasema, basi.

Nimekitundika jikoni kwangu, juu ya moto. Sijui ni cha nani, na sikuuliza. Mwenyewe atakuja kukidai siku ya kupanda. Alhamisi wakiniuliza kama mbegu hizo zipo kweli, nitasema zipo. Wakiniuliza ziko wapi, sitasema.