Shokapu mpya imeniponza

Kaka, nimekwisha. Nimejifungia chooni kwa wakwe.

Unaikumbuka shokapu ya nyuma ya pikipiki kuukuu ya baba mkwe, ile ya kulia kwiii-kwiii kwenye kila shimo? Leo nimemfungia mpya. Kwa mikono yangu mwenyewe! Mzee akaenda kuijaribu, meno yote nje.

Huku nyuma nikawa nawaigizia shemeji zangu anavyotembea. Suruali nimeivuta hadi kifuani: "Mimi nikisema, nimesema!" Watu hoi kwa kicheko.

Ghafla kimya. Kimya, kaka!

Nageuka, mzee huyo mlangoni, helmeti mkononi. Si unajua huzima injini kwenye mteremko kubana mafuta, akaserereka hadi nyumbani? Siku zote ni shokapu tu iliyokuwa ikitutonya. Leo haikulia! Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Akaniangalia weee. "Endelea, mkwe. Ila suruali ipandishe zaidi."

Ipandishe zaidi! Humu natokaje?

Subiri, kuna mtu anagonga.

Ni mama mkwe. Ananong'ona: "Mwanangu, ile ya zamani hujaitupa, eti? Irudishe. Mimi nitajuaje kama anakuja?"